Tikiti lisilo na mbegu: mwongozo kwa anayeanza Arusha na Moshi

Maswali ni yaleyale kila msimu, kuanzia Kahe mpaka Usa River. "Mbegu ya bei yote hii, mbona haioti?" "Mangi, shamba limejaa maua, matunda yako wapi?" "Kama tunda lenyewe halina mbegu, mwakani nitapanda nini?" Nimeona niyajibu yote mahali pamoja, kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, ili mwenye robo eka na hamu ya kujaribu asipoteze mtaji kwa mambo yanayojulikana.

Shika hili kabla ya mengine yote. Tikiti lisilo na mbegu haliwezi kutunga matunda kwa chavua yake. Linahitaji tikiti la kawaida kando yake, linalochanua wakati uleule, pamoja na nyuki wa kubeba chavua. Wengi wanaoanguka hawaangushwi na mbolea wala dawa. Huwa wamejaza shamba zima mbegu ghali bila kuweka hata mche mmoja wa kawaida.

Kwa nini halina mbegu

Sitakaa sana hapa, ila bila kujua hili hatua za mbele hazitaeleweka.

Tikiti la kawaida lina kromosomu 22, yaani seti mbili za kromosomu 11, moja ya mama na moja ya baba. Wazalishaji wa mbegu huichukua miche ya kawaida na kuitibu kwa kemikali iitwayo kolchisini, wakapata mmea wenye seti nne, kromosomu 44. Mmea huo ukifanywa mama, ukachavushwa na baba wa kawaida, mbegu inayopatikana ina seti tatu, kromosomu 33. Mmea wa namna hii huitwa triploidi. Unaota, unatambaa, unachanua vizuri kabisa, lakini ukifika wakati wa kugawa kromosomu ili utengeneze chavua na mayai, seti tatu hazigawanyiki sawasawa. Chavua inatoka haina nguvu na mbegu zinakwama zikiwa changa. Ndiyo maana ndani ya tunda unakuta vipande vidogo vyeupe, laini, unavyovitafuna bila hata kuvihisi. Kazi hii ilianzia Japani: Hitoshi Kihara na wenzake waliianza mwaka 1939, na taarifa yake kwa Kiingereza ikachapishwa mwaka 1951.

Kwetu hapa mimea ya seti nyingi si mgeni. Migomba mingi ya kihambani ina seti tatu, na ndiyo sababu tunapanda machipukizi badala ya mbegu. Kahawa ya arabika ina seti nne na inazaa mbegu bila shida, kwa kuwa nne hugawanyika. Ngano ya mkate ina seti sita. (Mshare, mgomba wetu mwingine, usikuchanganye: una seti mbili tu, na bado ni nadra mno kuukuta na mbegu. Sababu yake ni nyingine.)

Na kwa wanaouliza kila mara: hapana, hii si GMO. Hakuna jeni la kiumbe kingine lililopachikwa ndani yake.

Kuna pia wanaotaka kujua kolchisini inauzwa wapi ili wajitengenezee mbegu nyumbani. Nakuomba usiitafute. Ni sumu inayoua binadamu kwa kiasi kidogo sana, na hata ukiwa na maabara salama, mmea wa seti nne huchukua vizazi kadhaa kutulia na huzaa mbegu chache kwa kila tunda. Uchache huo ndio unaopandisha bei ya pakiti unayoiona dukani.

Kabla hujatoa hela: mnunuzi ni nani?

Sokoni Kilombero au Mbuyuni, mteja hulipima tikiti kwa macho na kwa kuligonga. Kwa nje hawezi kujua kama lina mbegu. Ukilipeleka huko bila maandalizi utauza kwa bei ya tikiti la kawaida wakati gharama zako ziko juu. Wanaolipa zaidi ni hoteli, wauza juisi na matunda ya kukatwa, na wale wanaopeleka chakula kwa wageni wa safari. Zungumza nao kabla ya kupanda, upate angalau wawili waliosema watachukua na kwa bei gani. Ukikosa, panda tikiti la kawaida msimu huu na uendelee kutafuta soko.

Mahitaji

Kwa jaribio la kwanza nashauri mashimo 100, yaani mita za mraba 200 ukipanda mita 2 kati ya mistari na mita 1 kati ya mashimo. Usianze na eka. Utahitaji:

- Mbegu 100 za tikiti lisilo na mbegu. Zitakazokaa shambani ni 75. Nyingine ni za kufidia zisizoota.
- Mbegu 35 za tikiti la kawaida, utakalopanda mashimo 25.
- Trei za miche na kokopiti (unga wa makumbi ya nazi wa kuoteshea), au udongo wa msitu uliochekechwa na kuchanganywa na mboji iliyoiva.
- Kipimajoto. Hiki usikiache, hakina mbadala.
- Deli kubwa la plastiki lenye mfuniko, au katoni kubwa iliyozungushiwa blanketi, na chupa za plastiki za lita moja na nusu.
- Maji ya uhakika kwa miezi mitatu. Mpira wa matone ni bora, mfereji nao unafaa.
- Samadi iliyooza, na mbolea za dukani mbili: DAP ya kupandia na CAN ya kukuzia.
- Mizinga ya nyuki karibu, au muda wako wa asubuhi kwa wiki mbili hadi tatu. Nitaeleza.

Hatua ya 1: Chagua eneo na majira

Tikiti linataka joto na jua. Ukanda wa chini wa Moshi, kama Kahe, Mabogini na Chekereni, unafaa. Upande wa Arumeru, maeneo ya chini kama Mbuguni na Kikwe yanafaa pia. Juu kabisa kwenye migomba na kahawa usihangaike, kuna ubaridi na kivuli.

Epuka masika ya Machi hadi Mei: mvua huwazuia nyuki kutoka na magonjwa ya majani hushamiri. Ukisia mbegu Agosti, unahamishia shambani Septemba, na matunda yanaanza kuiva kuelekea Desemba, watu wakiwa wanarudi nyumbani kwa sikukuu na mji umejaa wageni. Upungufu wa ratiba hii ni kwamba Agosti usiku bado kuna baridi, hasa Arusha, na mbegu hii haivumilii baridi. Hatua ya 3 inashughulikia hilo.

Udongo uwe tifutifu, usiotuamisha maji. Ukanda wa chini wa Moshi kuna sehemu zenye magadi: ukiona ukoko mweupe juu ya ardhi wakati wa kiangazi, hapo hapafai.

Hatua ya 2: Nunua mbegu za aina mbili zinazotofautiana kwa sura

Agiza mapema kwenye duka la pembejeo, kwa kuwa mbegu za triploidi hazikai rafu zote. Hakikisha pakiti ina lebo ya TOSCI (taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu), tarehe haijapita, na imeandikwa wazi kuwa ni ya tikiti lisilo na mbegu. Picha ya tunda jekundu pekee haithibitishi kitu.

Kisha chagua tikiti la kuchavushia. Likiwa na ganda tofauti kabisa na lile lisilo na mbegu, siku ya kuvuna hutababaika. Kama lisilo na mbegu lina mistari, chukua Sugar Baby, ambalo ganda lake ni la kijani kilichoiva bila mistari. Kama lisilo na mbegu ni jeusijeusi, chukua la mistari kama Crimson Sweet. Ukichanganya matunda mawili yanayofanana, mteja wa hoteli akakata la kwanza akakuta mbegu nyeusi, umempoteza.

Hatua ya 3: Otesha kwa joto na unyevu kidogo

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo nenda nami taratibu.

Mbegu ya triploidi ina ganda nene na kiini kidogo kisichojaza ganda lake. Ndani kunabaki nafasi, na maji yakizidi yanaijaza nafasi hiyo hadi kiini kinakosa hewa na kuoza. Tikiti la kawaida husamehe mkono mzito wa maji. Hili halisamehi. Vilevile linataka joto la nyuzi 29 hadi 32 kwa siku mbili za mwanzo, usiku na mchana. Chumba cha kawaida Arusha mwezi Agosti hakifiki huko hata kidogo.

Fanya hivi:

a) Lowanisha kokopiti siku moja kabla, jaza trei, acha maji yachuje usiku kucha. Asubuhi chukua konzi moja ukamue. Ikitoa tone moja au mawili, iko sawa. Ikitiririka, bado imelowa mno, iache ikauke.

b) Panda mbegu moja kwa kila tundu, kina cha sentimita 1 hadi 1.5, ncha iliyochongoka ikiangalia juu. Najua inaonekana kinyume, kwa kuwa mzizi hutokea kwenye ncha hiyo. Lakini mzizi ukigeuka kwenda chini, ganda linasaidiwa kubaki ardhini badala ya kupanda juu limeng'ang'ania majani. Usiloweke mbegu usiku kucha kama ufanyavyo kwa nyingine.

c) Usimwagie maji baada ya kupanda. Funika trei kwa nailoni isiyogusa udongo.

d) Kata trei ziingie ndani ya deli. Pembeni panga chupa nne za maji ya moto, si yanayochemka, na kipimajoto kiwe katikati usawa wa mbegu. Funga mfuniko. Soma baada ya nusu saa. Kikizidi nyuzi 33, toa chupa moja. Kikiwa chini ya 28, ongeza. Badili maji asubuhi, jioni na kabla ya kulala, na kila unapobadili acha mfuniko wazi dakika chache hewa iingie. Usiweke jiko la mkaa ndani ya chumba ili kupasha joto. Moshi wake usioonekana unaua watu.

e) Kuanzia siku ya tatu anza kukagua. Mara tu vichwa vichache vinapochomoza, trei itoke kwenye giza iende kwenye mwanga mwingi, mahali palipokingwa upepo. Ikichelewa humo ndani hata siku moja, miche inarefuka kama uzi na haisimami tena.

Tikiti la kawaida lisie siku mbili au tatu baadaye, kwenye trei yake. Huota haraka, na tunataka yote yachanue pamoja. Andika alama kwenye trei. Miche ikiwa midogo hutajua ipi ni ipi.

Hatua ya 4: Vua "kofia" na utunze miche

Hata ukifanya yote sawa, baadhi ya miche itachomoza na ganda la mbegu likiwa limebana majani mawili ya kwanza kama kofia. Ukiiacha, majani hayafunguki na mche unadumaa. Nenda asubuhi mapema wakati ganda bado laini kwa umande. Kama limekauka, lidondoshee tone la maji na usubiri kidogo. Shika shina kwa vidole vya mkono mmoja, na kwa kucha za mkono mwingine bana kingo za ganda mpaka liachie. Usilivute kwenda juu, utang'oa majani au mche mzima. Kwa miche 80 kazi hii haichukui muda.

Sasa unaweza kumwagilia, kidogo, asubuhi. Miche iko tayari ikiwa na majani mawili au matatu ya kweli, kwa kawaida wiki nne baada ya kusia. Wiki ya mwisho punguza maji na uiache ipigwe jua kamili ili ikomae.

Hatua ya 5: Panga shamba

Sheria ni mche mmoja wa kuchavushia kwa kila mitatu isiyo na mbegu. Uweke ndani ya mstari: shimo la kwanza, la pili na la tatu ni lisilo na mbegu, la nne la kawaida, unarudia. Nyuki hupenda kufuata mstari, kwa hiyo mpangilio huu unawapitisha kwa baba kila baada ya hatua chache. Kuweka mistari mizima ya kawaida nako kunawezekana, mmoja kwa kila miwili ya isiyo na mbegu, ila mche usiwe mbali na baba yake kuzidi mita 3 hivi. Kadiri umbali unavyoongezeka, matunda yanapungua.

Chomeka kijiti chenye kitambaa kwenye kila shimo la kuchavushia. Kitakusaidia wewe, na kitamsaidia zaidi kibarua wa kupalilia.

Kosa ninaloliona sana ni la mtu kubana nafasi ya miche ya kawaida ili aongeze ile ya bei kubwa. Anaweka mmoja kwa kumi. Hesabu yake ya karatasini inapendeza, lakini shambani maua majike mengi hayapati chavua ya kutosha na yanadondoka.

Hatua ya 6: Mashimo, mbolea na kuhamisha

Weka lita 3 hadi 5 za samadi iliyooza kwa kila shimo, na vizibo viwili vya soda vya DAP vilivyochanganywa vizuri na udongo ili visiguse mizizi. Hamisha jioni, mche utoke na udongo wake wote, mwagilia papo hapo. Wiki tatu baadaye zungushia CAN vizibo viwili, sentimita 15 kutoka kwenye shina. Inatosha. Naitrojeni ikizidi unapata majani ya kupendeza na matunda yenye uwazi katikati.

Tandaza nyasi kavu. Mwagilia kwa kiasi kinacholingana siku zote. Kukausha wiki nzima kisha kufurika ndiko kunakopasua matunda.

Hatua ya 7: Uchavushaji

Kama utasoma hatua moja tu mara mbili, iwe hii.

Mmea mmoja wa tikiti una maua ya aina mbili. Ua dume lina kijiti chembamba tu nyuma yake. Ua jike lina kitikiti kidogo, chenye nywele laini, kikubwa kama harage, chini ya petali. Kila ua hufunguka asubuhi baada ya jua kuchomoza, hufunga alasiri, na halifunguki tena. Siku hiyo ikipita bila chavua nzuri, kitunda kinageuka njano na kudondoka ndani ya siku chache.

Mche usio na mbegu nao una maua dume, na utawaona nyuki wakiyatembelea. Hayo yasikudanganye. Chavua yake karibu yote ni mfu. Nyuki akitoka hapo akaenda kwenye ua jike hajapeleka chochote cha maana, na ndiyo sababu tafiti zinaonyesha ua jike la triploidi linahitaji kutembelewa na nyuki mara 16 hadi 24, wakati la tikiti la kawaida huridhika na karibu mara 8.

Tena, chavua inahitajika ingawa mbegu hazitakuwepo. Chavua hai inapoota kwenye ua jike ndipo kitunda kinapopata msukumo wa kukua. Watu hulisahau hili, wakidhani tunda lisilo na mbegu halina haja ya baba.

*Ukitumia nyuki.* Weka mzinga 1 hadi 2 kwa eka, na uulete maua yakishaanza, si kabla. Ukiwahi, nyuki watazoea maua ya jirani na kulipuuza shamba lako. Nyuki wetu ni wakali, kwa hiyo mzinga ukae mbali na njia, nyumba na mifugo, na upeleke usiku ukiwa na mfugaji anayejua kazi. Wawekee maji karibu. Ukiwa na bustani ndogo karibu na miti yenye mizinga ya magogo, huenda nyuki waliopo wakatosha. Thibitisha kwa macho: simama shambani saa mbili asubuhi, tazama maua kumi kwa dakika kadhaa. Usipoona nyuki kwa urahisi, hawatoshi.

*Ukitumia mkono.* Kwa miche 75 inawezekana, na mimi napenda mtu anayeanza aifanye angalau kwa siku chache hata kama ana mzinga, kwa sababu inamfundisha kulisoma shamba lake. Kati ya saa moja na saa nne asubuhi, chuma ua dume lililofunguka kutoka mche wenye kitambaa, ule wa kawaida. Ng'oa petali zake, libaki lile vumbi la njano mbele. Tafuta ua jike kwenye mche usio na mbegu, uangalie katikati yake: kuna kinundu kilichogawanyika pande tatu. Pakaza pande zote tatu, polepole, mpaka uone njano imebaki kila upande. Ukipaka upande mmoja tu, tunda litakua limepinda. Ua dume moja linatosha majike mawili au matatu. Funga uzi wa rangi kwenye kikonyo, uandike tarehe.

Endelea hivyo kila asubuhi mpaka kila mche uwe na matunda mawili au matatu yaliyoshika.

Onyo la dawa. Usipulizie dawa ya wadudu asubuhi wakati maua yamefunguka. Pulizia jioni, maua yakiwa yamefunga, na utumie dawa iliyosajiliwa na TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu) kwa kipimo cha kwenye lebo. Mpulizo mmoja wa saa tatu asubuhi unaweza kumaliza nyuki wote waliokuwa wanakufanyia kazi.

Hatua ya 8: Linda matunda

Inzi wa matunda ndiye adui mkubwa ukanda wa chini. Weka mitego yenye kivutio, okota kila tunda lililotobolewa na ulifukie kina kirefu au ulifunge kwenye mfuko mweusi juani. Vidukari, vithiripi na ubwiri unga vidhibiti mapema kama kwenye tikiti lolote. Tandika nyasi chini ya kila tunda lisioze upande wa ardhini.

Hatua ya 9: Vuna

Tunda hukomaa kama siku 35 hadi 45 baada ya kuchavushwa, kutegemea aina na joto, na ndiyo maana nilikwambia uandike tarehe. Angalia vitu viwili pamoja: kikono, ule uzi unaojisokota jirani na kikonyo cha tunda, kiwe kimekauka, na doa la upande uliolalia ardhi liwe limetoka weupe na kuwa njano kama siagi. Kimoja pekee hakitoshi. Tikiti halizidi utamu likishachumwa, kwa hiyo usivune kwa kuhimizwa na dalali. Kata kikonyo kwa kisu, usinyofoe.

Vuna ya kawaida siku moja na yasiyo na mbegu siku nyingine, au yawe kwenye mirundo miwili tangu shambani. Unapompelekea mteja mpya, kata moja mbele yake.

Vipi kuhusu mavuno?

Mche usiobeba mbegu hauchoki haraka. Kwenye tikiti la kawaida, matunda ya kwanza yakianza kukomaza mbegu huuzuia mche kushika mengine. Huu wa seti tatu una nguvu ya kutambaa na mara nyingi huendelea kushika matunda kwa muda mrefu zaidi. Lakini usihesabu faida hiyo peke yake. Robo ya shamba lako ni tikiti la kawaida, mbegu kadhaa hazitaota, na msimu ambao nyuki hawatoki kwa sababu ya mvua au ubaridi, shamba hili hupata hasara kubwa kuliko la jirani mwenye tikiti la kawaida. Kwa uzoefu wangu, anayefaidika ni mwenye soko la uhakika na mkono mzuri kitaluni. Wengine wote tikiti la kawaida linawalipa vizuri zaidi.

Mambo yakienda kombo

*Mbegu hazikuota, ukizifukua zimeoza.* Maji yalizidi au joto lilishuka usiku. Panda zile za akiba kwenye kokopiti kavu zaidi, na usiku amka mara moja usome kipimajoto.

*Maua mengi, vitunda vinageuka njano na kudondoka.* Chavua haifiki. Angalia kwanza kama miche yenye vitambaa ina maua dume yaliyofunguka. Kama haina, imechelewa: omba maua dume kwa jirani mwenye tikiti la kawaida, uyachume asubuhi hiyohiyo na upakaze kwa mkono. Kama yapo, tatizo ni nyuki.

*Matunda yamepinda au yana pembe tatu.* Uchavushaji wa upande mmoja. Yaondoe yakiwa madogo mche ushike mengine.

*Tunda likikatwa lina ufa katikati.* Chavua haba, mara nyingi kwenye matunda ya mwanzo, au ukuaji wa ghafla kutokana na maji na naitrojeni nyingi. Linalika, ila hoteli hailitaki.

*Kitako kimeoza, cheusi na kikavu.* Umwagiliaji wa kusuasua unaonyima tunda kalisi. Sawazisha maji kabla hujanunua dawa yoyote.

*Nimekuta mbegu nyeusi ngumu mbili au tatu ndani.* Hutokea, hasa mche ukipata msongo. Ukikuta tunda zima limejaa mbegu, umevuna la kawaida kwa makosa au pakiti haikuwa yenyewe. Rudi dukani na pakiti na risiti.

*Nataka kuzitoa hizo mbili tatu nipande mwakani.* Usipande. Hazina uhakika wa kuota, na zikiota huwezi kujua zitatoa nini. Mbegu ya triploidi hununuliwa upya kila msimu, kwa kuwa wazazi wake wawili, wa seti nne na wa seti mbili, wako kwa mzalishaji. Iingize bei hiyo kwenye hesabu ya mwaka kabla hujalima.

*Kibarua ameng'oa miche ya kuchavushia akidhani imejiotea.* Kama vitunda vimeshashika na kufikia ukubwa wa ngumi, hakuna hasara kubwa. Kama maua ndiyo yanaanza, nenda leo kwa mwenye tikiti la kawaida mkubaliane akuuzie maua dume kila asubuhi kwa wiki mbili, na kesho saa moja uwe shambani.